Ile semi fainali ya 2003 tuliifanyia nini?

Kila World Cup ya kriketi ikianza utaona tu Wakenya mtandaoni wanajigamba ati sisi tulifika semi fainali 2003, na ni kweli, lakini wanaongea kama vile ile timu ilidondoka kutoka mbinguni. Haikudondoka. Wachezaji kama Tikolo, Odumbe, kina Obuya, kina Suji, wengi wao walitokea kwa viwanja vichache tu vya Nairobi, Sir Ali, Swamibapa, Aga Khan, klabu zilizoanzishwa na Wahindi na Waislamu wa mjini, vijana wa mitaa ya karibu wakaingia wakashika bati, lile gongo la kupigia mpira. Hao ndio walienda Pune 1996 wakachapa West Indies, sisi mikimbio 166 wao 93, na hiyo ni West Indies yenye mpigaji nyota Brian Lara ndani!

Sasa 2003. Kuna wale hukumbusha kwamba New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa sababu ya usalama tukapewa pointi za bure. Sawa, lakini Sri Lanka si walikuja? Collins Obuya akawamaliza pale Gymkhana, wiketi 5 (yaani aliwatoa wapigaji 5) kwa mikimbio 24. Halafu kuna Aasif Karim, huyo mimi siwezi kumruka. Mzee wa Mombasa, miaka 39, alikuwa ashastaafu wakamwita arudi, akawarushia Australia kule Durban ova 8 (ova moja ni mipira 6) na mipira 2, wakapata mikimbio 7 tu, wiketi 3, nahodha wao Ponting akiwemo. Tulipoteza hiyo mechi na bado man of the match akawa yeye.

Baada ya kutolewa na India kwa semi, hapo ndio mambo yalianza kwenda mrama. Wakubwa wa kriketi hawakutaka kucheza na sisi, 2004 tulipata ODI (mechi za kimataifa za siku moja) mbili pekee na 2005 hata moja hatukupata, sasa timu inakua aje bila mechi? Kwa hilo ICC, wasimamizi wa kriketi duniani, siwasamehe. Lakini na huku nyumbani pia kulikuwa moto, chama cha wakati huo KCA kikawa kinavutana na wachezaji juu ya malipo, wachezaji wakagoma, Odumbe naye akafungiwa miaka 5 mwaka 2004 kwa kupokea pesa za bookie, mtu wa kamari, mwisho KCA ikavunjwa na Cricket Kenya ikaingia 2005. Ofisi mpya, jina jipya, na vita vya viti vikaendelea tu.

Ukitaka kujua shida ilikuwa wapi angalia World Cup ya 2011. Tulipoteza mechi zote 6, New Zealand wakatutoa sote tukiwa na mikimbio 69 tu pale Chennai, na Tikolo bado alikuwa kwa timu, na yeye miaka 39. Karim kurudi na miaka hiyo ilikuwa maajabu, Tikolo kubaki ilikuwa ni kukosa mtu wa kumrithi. Miaka 8 yote hiyo na bado tulikuwa tunategemea zile klabu chache za Nairobi. Kule Kisii, Kakamega, Nyeri mtoto angeona bati wapi? 2014 hata hadhi ya ODI ikaenda.

Na watu wakisema ni umaskini mimi huwaonyesha hapo Uganda tu. Hao wana kriketi ya mashule miaka mingi, vijana wanatoka kwa shule wanaingia klabu, na Novemba 2023 wakachapa Zimbabwe kule Namibia wakafuzu T20 World Cup, ile ya kriketi fupi ya ova 20, sisi tukiwa kwa mashindano hayo hayo tukirudi mikono mitupu. 2024 wakaenda Guyana wakachapa Papua New Guinea, Frank Nsubuga, miaka 43, ova 4, mikimbio 4, wiketi 2. Ndio, na wao wana mzee wao, lakini nyuma yake kuna foleni ya vijana.