Treni Iliyopanda Meli

Treni ya usiku ya kutoka Roma kwenda kisiwa cha Sicilia hupanda meli. Sisemi abiria hushuka, wakavuka kwa feri, wakapanda nyingine ng'ambo. Nasema treni yenyewe, pamoja na vitanda vyake na watu wanaokoroma ndani, husukumwa mpaka tumboni mwa meli, ikafungwa kwa minyororo na kuvushwa. Wanafanya hivyo tangu 1899. Nimekaa Italia miaka nikiisikia habari hiyo, lakini kuisikia ni kitu kimoja na kuamshwa nayo alfajiri ni kingine.

Nilikuwa naenda Catania, huko Sicilia, harusini kwa mtu wa kwetu. Tikiti ya ndege ilikuwa rahisi mpaka nilipotaja begi. Begi likawa ghali kuliko mimi mwenyewe. Nikakata kitanda kwenye treni, chumba cha watu wanne, nacho hakikuwa cha bure. Kiyoyozi ama kilitutetemesha ama kilikufa kabisa. Kabla ya Napoli polisi wakapita. Tulikuwa wanne, aliyeombwa karatasi za ukaazi ni mimi peke yangu. Nimeshazoea. Kibali hukaa mfuko wa shati, nikampa, akaangalia, akanirudishia, nikageukia ukutani.

Villa San Giovanni ndipo bara la Italia linapoishia. Hapo kichwa cha treni kiliondolewa, taa zikazima, joto likaingia. Kisha chuma kikaanza kugongana na chuma. Tukasukumwa mbele, tukavutwa nyuma, tukasukumwa tena, maana treni ni ndefu kuliko meli: huikata vipande na kuvipanga sambamba kwenye reli zilizo ndani. Nuru ya dirishani ikapotea, harufu ya dizeli na chumvi ikatanda. Nilipochungulia nikaona behewa jingine pembeni kabisa, na ndani yake bwana mmoja wa fulana anapiga mswaki huku akinitazama. Ilinichukua muda kuelewa kwamba lile ni behewa la treni yetu wenyewe, lililokuwa nyuma yetu usiku kucha.

Mzee wa kitanda cha chini, mzaliwa wa Messina, bandari ya ng'ambo tuliyokuwa tukiiendea, alikuwa ameshavaa viatu. "Njoo juu, kijana. Hapa utaokwa." Tukajibanza kati ya mabehewa na ukuta wa meli, tukapanda ngazi za chuma hadi kwenye baa. Kumbe watu hawapandi kutazama bahari. Wanafuata arancini, yaani wali uliofinyangwa duara, ukatiwa nyama au jibini katikati na kukaangwa ukawa rangi ya dhahabu. Nikauliza upi hauna nguruwe. Muuzaji akaonyesha wa siagi. Mzee akamkatiza: "Huo una hemu! Mpe wa mchicha." Nikala wa moto hivyo hivyo, ukaniunguza ulimi, nikaongeza wa pili. Bei yake ndiyo pekee ya safari ile ambayo sina ugomvi nayo.

Mimi ni mtu wa Likoni, na mtu wa Mombasa hapandi feri asikumbuke feri ya Mtongwe iliyozama 1994 na wale watu 272 waliokufa. Kwa hiyo kabla ya kutazama mandhari nilitafuta maboya yalipo. Yalikuwepo. Ndipo nikaweza kutazama: mlango wa bahari wa kilomita tatu hivi pale unapobana sana, na mbele yetu Bikira Maria wa dhahabu juu ya mnara, akibariki bandari ya Messina. Mzee akanionyesha majumba mafupi na barabara pana. Mji ulijengwa hivyo, akasema, kwa sababu ya tetemeko la 1908, lililobomoa kila kitu na kuleta wimbi juu yake.

Nikamwuliza habari za daraja la kuvuka mlango huo wa bahari. Alicheka mpaka akakohoa. Baba yake aliahidiwa daraja, yeye ameahidiwa, wajukuu wanaahidiwa. Nikamwambia na sisi Likoni tuna daraja la ahadi, na asubuhi hizi hizi kina mama wa samaki, wanafunzi na mikokoteni wanateremka mbio wasiachwe na feri.

"Feri yenu inabeba treni?"

"Hapana. Reli yetu inaishia upande wa kisiwani."

"Na nauli?"

"Wa miguu ni bure."

Alinyamaza, akatoa simu, akampigia mkewe aliyekuwa akimsubiri Messina, akamweleza kwa sauti ya baa nzima kwamba kuna Mwafrika hapa ambaye kwao feri ni bure.

Kuvuka kwenyewe ni nusu saa tu. Kuunganisha treni tena kulikula muda mrefu zaidi, kwani hapo inagawanywa: mabehewa mengine Palermo, mengine Siracusa kupitia Catania. Harusi ilikuwa nzuri, pilau halikutosha. Kurudi nilipanda basi, kwa kuwa lilikuwa nafuu kwa yuro kadhaa, na magoti yangu bado yananidai hizo yuro.