Almeida alikoishia

Sisi watu wa Kilwa jina la Francisco de Almeida, kamanda wa Kireno, tunalijua tangu shule ya msingi. Ndiye aliyeingia na merikebu zake Julai 1505, Sultani Ibrahim akakimbia, mji ukaporwa, na mwezi uliofuata akaenda kuichoma Mombasa. Darasani kisa kiliishia hapo. Mwisho wake mwenyewe hatukuambiwa.

Mimi niliusikia Cape Town, nilikokwenda kwa mafunzo ya kazi. Jumamosi moja tulitembezwa kando ya mto Liesbeek na mama mmoja wa ukoo wa Wakhoikhoi, wafugaji wenyeji wa kusini mwa Afrika, mwalimu mstaafu ambaye kila mtu alimwita Anti. Magari yakivuma barabara kuu, aliinua fimbo kuelekea Salt River. "Wareno walikuja na njia hiyo, 1510."

Almeida alikuwa anarudi kwao Ureno kutoka India, ameshakabidhi madaraka ya kuwaongoza Wareno huko. Meli zikatia nanga Table Bay, ghuba ya Cape Town, kuteka maji. Mwanzoni mabaharia walibadilishana vitu na wenyeji wapate ng'ombe, mambo shwari. Kisha ukazuka ugomvi, baadhi yao wakarudi wamepigwa. Alfajiri ya Machi 1 Almeida akashuka na watu wapatao 150, wakavamia kijiji, wakachukua ng'ombe na watoto.

"Watoto, mwanangu," Anti alirudia, akigonga fimbo chini.

Wenyeji walikuwa na mikuki, mawe, na ng'ombe waliofunzwa kuitika mluzi. Anti akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi mmoja mkali mpaka kijana aliyekuwa akikimbia mazoezi ng'ambo ya mto akageuka. Ng'ombe walitangulia kama ngao, vijana nyuma yao wakirusha mikuki. Wareno wakakimbilia ufukweni, miguu inazama mchangani, na mashua hazipo pale walipoziacha. Walikufa zaidi ya 50. Almeida alichomwa mkuki wa koo.

"Anti," nilimwambia, "huyo ndiye aliyetuvunjia mji wetu."

Kilwa hakuwa ameisikia. Tukakaa kwenye nyasi, nikamweleza habari za Msikiti Mkuu, dhahabu ya Sofala, na Muhammad Ankoni, ambaye Almeida alimtawaza badala ya Ibrahim.

"Hamkupigana?"

"Mombasa walipigana. Walirusha mishale, na mawe kutoka juu ya nyumba."

"Mawe!" Akanishika mkono, akacheka kwa furaha.

Wakhoikhoi hawakuwa wakitulipia kisasi sisi. Walikuwa wanapigania watoto wao, na mwaka 1652 Waholanzi walipokuja kukaa, malisho yaleyale yakaanza kuwatoka mikononi. Lakini inaniuma kwamba tumefundishwa nusu ya kisa na wao nusu nyingine, wakati mtu ni mmoja na miaka iliyopita kati yake haifiki hata mitano.

Jioni ile nilimpigia baba simu Kilwa Masoko. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nianze upya, polepole, anamwita mama naye asikie.