Jumapili ya Nazi Savai'i

Mwaka 2003 nilikuwa nasoma sekondari Auckland. Baba alikuwa amekwenda Nyuzilandi kwa masomo ya chuo kikuu, nasi tukamfuata kutoka Tanga. Shuleni kwetu kulikuwa na wanafunzi wengi wenye asili ya Samoa, nchi ya visiwa katika Pasifiki, na mwaka huo ikaandaliwa safari ya kubadilishana utamaduni: tukalale majumbani mwa wenyeji katika kijiji kimoja cha kisiwa cha Savai'i, tuwaonyeshe ngoma ya haka na nyimbo za Kimaori, nao watuonyeshe ya kwao.

Mwalimu wetu wa historia hakukubali tuende kitalii. Alitufundisha kwamba Nyuzilandi iliitawala Samoa kuanzia 1914 hadi uhuru wa 1962. Novemba 1918 meli iitwayo Talune, iliyotoka Auckland ikiwa na wagonjwa wa mafua, iliachwa iteremshe abiria Apia, mji mkuu wa Samoa, na takriban mtu mmoja kati ya watano akafa nchini humo. Waziri Mkuu wa Nyuzilandi wa wakati huo, Helen Clark, alikwenda Apia kuomba radhi mwaka 2002, mwaka mmoja tu kabla yetu. Mimi ni mtoto wa Tanga, lakini nilikuwa nimevaa sare ya shule ile, na habari hizo ziliniingia.

Tulipaa Auckland Jumamosi, tukatua uwanja wa Faleolo, Samoa, Ijumaa. Enzi hizo Samoa ilikuwa bado upande wa pili wa mstari wa tarehe, ambako kalenda iko nyuma kwa siku moja. Iliuhama upande huo mwishoni mwa 2011 kwa kuiruka Desemba 30. Kutoka uwanja wa ndege tulikwenda Mulifanua kupanda kivuko cha kwenda Salelologa, kisiwani Savai'i.

Kijiji kilitupokea kwenye fale kubwa, nyumba ya nguzo isiyo na kuta. Tulikaa mikekani miguu tumeikunja, maana kuwanyooshea wazee nyayo ni utovu wa adabu. Msemaji wa kijiji alihutubia kwa sauti ya kutulia, usinga begani. 'Ava, kinywaji cha mizizi, ikakorogwa kwenye bakuli la mbao, ikagawiwa kwa kifuu, na kila aliyepewa alimwaga tone kidogo kabla ya kunywa. Mwalimu wetu alipojibu hotuba, aliutaja waziwazi mwaka 1918. Wazee wakamsikiliza mpaka mwisho, kisha mmoja akasema sisi ni watoto wao. Bado naamini hilo lilikuwa tendo kubwa kuliko maonyesho yote tuliyoyafanyia mazoezi.

Nyumbani kwa wenyeji wangu nilitunzwa kupita kiasi. Nikishika ufagio, nanyang'anywa. Nikitaka kubeba maji, naambiwa nikae. Waswahili tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mimi nilikuwa nalisubiri jembe langu kwa hamu.

Jumapili alfajiri niliamshwa na harufu ya moshi. Nyuma ya nyumba vijana wa kiume walikuwa wanaandaa umu, mawe meusi ya volkano yakipata moto juu ya kuni, ili chakula kiwe tayari watu wakitoka kanisani. Mmoja wao, wa rika langu, alikuwa amekalia kibao chenye ulimi wa chuma, anakuna nazi. Ilikuwa mbuzi! Nilimwomba kwa ishara anipishe.

Mimi nililelewa Chumbageni, Tanga, na bibi mzaa mama. Hapakuwa na mjukuu wa kike mle ndani, basi mbuzi ikawa kazi yangu, na watoto wa mtaani walinicheka sana kwa hilo. Kwetu mwanamume hakai kwenye mbuzi. Bibi hakuwajali. Alinifundisha kuzungusha kipande cha nazi taratibu, nianzie ukingoni, nisifike kwenye kifuu nikalitia tui weusi. Sasa huku, upande wa pili wa dunia, kazi hiyohiyo ilikuwa ya wavulana, na walinitazama mikono kwa makini bila kicheko. Nazi ya kwanza ilipokwisha, yule mwenzangu alikichukua kifuu, akakigeuza kwenye mwanga wa moto kukikagua, akanipa ya pili. Nikakuna mpaka jua likachomoza.

Tui walilikamua kwa kusokota machicha ndani ya nyuzi za mmea wa jamii ya mgomba, mahali pa kifumbu chetu. Kisha wakanionyesha nisilolijua: kupanga majani machanga ya magimbi kiganjani, kuyakunja yawe bakuli, kumimina tui zito lenye chumvi na vitunguu, kufunga bila kumwaga. Hiyo ndiyo palusami. Vifurushi vyangu viwili vya mwanzo vilivuja, wakavifunga upya. Vyote vikawekwa juu ya mawe pamoja na mashelisheli na magimbi, vikafunikwa kwa majani ya mgomba.

Baada ya ibada wazee na wageni waliandaliwa kwanza. Mwalimu aliniita nikakae na wenzangu wa shule. Mama mwenye nyumba akamwambia aniache, bado nina kazi, akanipa sinia nimpelekee babu yao. Nilikula baadaye, na vijana wa jikoni, shelisheli ikiwa bado ina moto, tukibishana kwa maneno machache tuliyokuwa nayo kama Samoa wataweza kuwafunga Uingereza kwenye Kombe la Dunia la raga mwaka ule.