Kitabu cha Nane Kwanza

Novemba 2015, Leicester, Uingereza. Saa kumi na moja jioni na giza limeshaingia. Nilisimama mbele ya rafu ya maktaba, koti likinichuruzika maji, nikitazama vitabu vya Terry Pratchett, Mwingereza aliyeandika riwaya za njozi zenye utani. Riwaya za mfululizo wake wa Discworld ni 41. Ya kwanza, The Colour of Magic, ilitoka 1983. Ya mwisho ilikuwa imetoka Agosti ya mwaka ule ule, mwandishi mwenyewe ameshafariki tangu Machi.

Wiki moja kabla nilikuwa nimeazima hiyo ya kwanza nikairudisha kabla sijaimaliza. Ile dunia bapa iliyobebwa na tembo wanne, nao wamesimama juu ya kobe anayeogelea angani, niliipenda mno. Lakini utani wake mwingi ulizilenga hadithi nyingine za mapanga na wachawi ambazo sikuwahi kuzisoma. Nilijiona mgeni msibani, watani wanataniana na mimi siwajui.

Nikamwuliza mkutubi, mama wa makamo, nianzie wapi. Naye akaniuliza: "Unapenda habari za nani? Wachawi, Kifo mwenyewe, au askari wa doria?"

Nikasema askari. Akachomoa Guards! Guards!, cha nane, cha mwaka 1989. "Anza na hiki. Vile vingine vitakusubiri."

Nilikifungua pale pale nimesimama. Ukurasa wa kutabaruku unawataja walinzi wa kwenye hadithi za mashujaa, wale ambao kazi yao ni kuingia mbio chumbani, kumvamia shujaa mmoja mmoja na kuuawa. Hakuna aliyewahi kuwauliza kama walitaka. Kitabu ni chao.

Baba yangu alikuwa mlinzi wa usiku kwenye bohari moja Dar es Salaam. Koti zito la mtumba, kirungu, tochi ya betri tatu, na chupa ya chai ambayo Mama aliifunga kifuniko kwa nailoni isivuje. Jioni akishaondoka kwenda lindoni, sisi watoto tulikimbilia banda la video. Huko walinzi walianguka dakika ya kumi, nasi tukashangilia. Sikuwahi kuyaunganisha hayo mawili mpaka nilipokuwa mbele ya rafu ile.

Nilikimaliza kwa siku nne. Jumapili nikampigia Baba simu, nikamsimulia Kapteni Vimes, mkuu wa askari wa doria, na vijana wake wachache, na joka lililouteka mji wa Ankh-Morpork. Alisikiliza kimya. Nikamwambia kwamba mwishoni, walipoulizwa wanataka zawadi gani, waliomba nyongeza ya dola tano kwa mwezi, birika jipya, na ubao wa kurushia vishale.

"Hapo kwenye birika wamefanya la maana," akasema Baba. "Saa tisa usiku bila chai, mwanangu, hakukuchi."