Siku yangu moja na vipande vya tumbo, labo ya Bukavu

Saa moja kasoro ya asubuhi. Kabla ya salamu naangalia kipimajoto cha parafini, ile nta ya kushikilia vipande: inatakiwa ikae kwenye nyuzi 58 hivi. Usiku umeme haukukatika, Mungu asifiwe, nta ni maji matupu.

Saa moja na nusu natoa vipande vya jana, vilivyochukuliwa tumboni mwa wagonjwa. Vina ukubwa wa mbegu ya ufuta, na hapa ndipo sipendi mtu aniongeleshe. Kila kipande nakisimamisha kwa ubavu ndani ya nta, utando wa juu uonekane pamoja na tabaka za chini. Bakteria tunayoitafuta, Helicobacter pylori, ile inayoleta vidonda vya tumbo, hukaa ndani ya ute unaofunika utando huo. Kipande kikilala chali, kisu kinaweza kuumaliza utando kabla hatujauona, na mgonjwa ataambiwa hana kitu.

Saa tatu nakata. Unene ni mikromita 4. Utepe wa nta unatoka umejikunja, naushika kwa brashi, nauweka juu ya maji ya vuguvugu, unajinyoosha wenyewe, halafu naukinga kwa kioo cha mikroskopi. Vioo vikishakauka na nta ikishatolewa, vinaingia kwenye rangi ya Giemsa.

Saa nne na nusu wananiita fibroskopi, chumba cha kuchungulia tumbo kwa mrija wenye kamera. Kuna mama wa Bagira, hapa hapa Bukavu, aliyetapika damu juzi.

“Mama, wiki hizi mbili umekunywa dawa gani za tumbo?”

“Omeprazole, mwanangu. Nainunua tu kwenye farmasi. Hata jana nilikunywa.”

Swali hili nitaliuliza mpaka nistaafu. Dawa hiyo ya kutuliza asidi hupunguza pia bakteria, na wanaobaki huhama sehemu ya chini ya tumbo na kupanda juu. Mtu mwingine angeiacha wiki mbili ndipo apimwe, na antibiotiki wiki nne. Mwenye kutapika damu hawezi kungoja. Basi namwomba dokta achukue vipande vya chini na vya juu pia, naye anakubali. Kimoja nakitia kwenye jeli ya njano yenye urea. Bakteria wakiwepo wanaivunja, amonia inatoka, jeli inageuka waridi. Vingine vinaingia palepale kwenye fomoli, maji ya dawa ya kuvihifadhi visioze, maana vikikauka hewani vimeharibika.

Mchana ni ugali na sambaza, haraka haraka.

Saa nane dokta anasoma vioo vya asubuhi. Ananiita nichungulie: vijiti vya buluu vilivyopinda, vimejaa kwenye ute. Robin Warren, daktari wa kusoma vioo kama huyu wetu, aliviona hivi hivi kwenye vipande vya wagonjwa wake kule Perth, Australia, mwaka 1979, na wengi hawakumwamini. Yeye na daktari mwenzake Barry Marshall walipewa Nobel mwaka 2005 kwa kuigundua bakteria hii. Nafurahi kwamba yote yalianzia mezani kwa mtu wa mikroskopi.

Saa kumi jeli ya mama wa Bagira bado ni njano. Nitaiangalia tena kesho asubuhi, kabla saa 24 hazijapita. Lakini hata ikibaki hivyo, neno “hana” siliandiki: damu na omeprazole vyote viwili vinaweza kuficha bakteria.

Saa kumi na moja. Vipande vyake vitalala kwenye fomoli. Kesho jioni vitaingia kwenye alkoholi ya kuvitoa maji, kuanzia ya asilimia 70 kupanda mpaka ile safi. Kwenye fomu yake nimeandika kwa wino mwekundu: “Alikuwa akitoka damu, alikunywa omeprazole. Vioo visipoonyesha kitu, apimwe tena akishapona.”