Mlangilangi wangu wa pili

Wa kwanza ulinishinda. Niliupanda nyuma ya jiko, nyumbani Ngamiani, Tanga, nikauacha ukue utakavyo, na kufika mwaka wa tano ulishalipita bati. Harufu ilikuwa ikitujaza nyumba kila magharibi, lakini maua yote yako juu. Siku moja mpwa wangu akaparamia, tawi likavunjika papo hapo, akaangukia rundo la makuti. Hakuumia. Mama yake alininunia wiki nzima.

Jirani yangu, bibi mmoja wa Kinzuani, alicheka. “Mwanangu, mlangilangi hauachiwi kwenda juu. Huinamishwa.” Kwao Komoro maua haya ni biashara, mafuta yake huenda kutengeneza manukato Ufaransa, na miti hukatwa vichwa ili wachumaji wafikie kwa mkono.

Basi nikauangusha ule, nikanunua mche mwingine mwanzo wa masika. Shimo la futi mbili, samadi ya mbuzi iliyooza. Kifuko nilikichana kwa wembe taratibu, maana mti huu una mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja na haupendi kusumbuliwa. Kiangazi niliumwagilia jioni, siku moja namwagilia siku moja naacha, shina nimelizungushia makumbi ya nazi.

Ulipopita kimo changu kidogo nikaukata kichwa. Roho iliniuma, sitaficha. Matawi ya pembeni yalipotoka nikayatundikia mawe, kwa haraka zangu, na moja likapasuka. Nikarudi kwenye kamba za usumba na vigingi ardhini, nikivuta kidogo kidogo kila Ijumaa. Sasa umekaa kama mwavuli.

Maua yalikuja mwaka wa tatu. Hapo nami nilijidanganya: nikachuma ya kijani, hayakunukia kitu. Ua la langilangi huchanua likiwa bado changa, na lataka wiki mbili tatu liwe manjano, na ndani kwenye kitako lipige wekundu. Ndipo linanukia. Nalo huchumwa alfajiri, kabla jua halijalichoma.

Mengine nafungia vikuba, vile vishada vya kunukia vya kujipamba, pamoja na asumini na mrehani, mengine naroweka kwenye mafuta ya nazi. Yule bibi huja kuchukua yake kila Alhamisi. Siku hizi hata hodi hapigi, hupitia uani na kikapu chake.