Nilicheka mahali pabaya

"Ulikuwa unacheka nini?"

Maneno matatu tu, na tangu Jumapili usiku yananizunguka kichwani kama mbu.

Aliyeuliza ni Mama Supu, mwenzangu wa zamu. Wa siku nyingi hapa mnamjua, yule Mromania wa supu ya uchachu. Tiketi alinunua yeye. Tamasha la filamu la hapa mjini limemtengea mwongozaji wa filamu wa Romania, Radu Jude, siku kadhaa, kazi zake za mwanzo hadi za juzi, nami jina hilo nililijua kwa sababu tu ya ule Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, aliouchukua mwaka 2021. "Twende," alisema, "huyu anatusema sisi wenyewe." Ile ya watumwa wa kabila la Waroma kule Romania, Aferim!, ilinipita kwa ajili ya zamu. Tukaenda kwenye ile ya 2023, inayotuambia tusitarajie makubwa kutoka mwisho wa dunia.

Saa mbili na dakika 43, jamani. Dada mmoja, Angela, anazunguka Bucharest na gari kutwa kucha, macho yanamfumba kwenye usukani, anawarekodi watu walioumia kazini ili kampuni ichague mmoja wa kumuweka kwenye filamu ya kuhimiza usalama. Kuna mahali yanapita makaburi ya barabarani, misalaba ya waliokufa kwa ajali, mmoja baada ya mwingine, hakuna sauti. Hapo Mama Supu alishika mkono wa kiti changu, si chake.

Mwishoni huyo aliyechaguliwa, wa kiti cha magurudumu, yuko nje ya kiwanda na familia yake, na kamera imesimama palepale zaidi ya nusu saa. Anaeleza yaliyompata. Watu wa kampuni wanasema: hilo toa. Anaeleza upya. Na hili nalo toa. Mpaka hana la kusema, anapewa karatasi za kijani, tupu, azishike tu. Maandishi wataweka wenyewe baadaye.

Nikacheka. Kile kicheko cha sokoni, cha kupiga paja. Mwanzoni Angela alipojigeuza jibaba la upara kwenye simu na kuporomosha matusi, ukumbi mzima ulicheka, lakini kwenye karatasi watu walikuwa kimya, nikasikika peke yangu.

Kwenye tramu ndipo akauliza, kwa Kijerumani chetu cha kuungaunga. Nikasema sijui. Akageukia dirishani. Vituo saba!

Wiki hii Zawadi amepata shule na tumesaini mkataba wa nyumba mpya, lakini mimi nipo tu jikoni natunga majibu. Ningemwambia habari za Baba Zawadi, alivyoanguka ngazi kule ghalani, wakamletea fomu akiwa bado amelala: weka saini hapa, sehemu ya maelezo tutajaza sisi. Akaweka. Maelezo yalipokuja yalisema hakuvaa viatu vya kazi. Viatu vyenyewe vilikuwa chini ya kitanda chake hospitalini, na matope yake. Sasa mtu akionyeshwa karatasi tupu, kweli asicheke? Lakini hayo huyasemi kwenye tramu, halafu kwa Kijerumani mimi hata neno la ghala hunipotea.

Ijumaa tulikuwa tunatandika kitanda cha yule babu wa chumba cha mwisho. Mama Supu hajanisemesha zaidi ya "vuta huko". Mara akachukua taulo la kijani, akalinyoosha kifuani kwa mikono miwili, akasimama wima, uso mkavu kama wa picha ya pasipoti. Nilicheka mpaka babu naye akacheka, wala hajui cha nini. Mama Supu hakucheka. Akakunja taulo, akaendelea na mito.

Amenisamehe au alikuwa ananiigiza? Baba Zawadi anasema nimuulize tu. Wanaume bwana.

Mama kule Tanga nimemtumia ujumbe tangu Alhamisi, tiki bado ni moja. Jirani naye hapokei simu.